Nyuma ya Picha Kuna Nini?

Jumapili jioni sisi wapenda picha wa hapa Nyarugusu hukutana kuonyeshana tulichonacho. Wengi tuna simu tu. Kijana mmoja ana Canon ya zamani yenye lenzi ya milimita 50, na mabishano ni yale yale: kamera ipi inashika vizuri usiku, memori kadi ipi haifuti picha, chaji mbona inaisha mapema. Mabishano matamu, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na picha zenyewe.

Chukua ile inayopendwa kuliko zote: jua likizama Kizuka. Mwenzetu alitumiwa na ndugu yake. Ziwa jekundu, milima ya Kongo ng'ambo, mtumbwi mmoja mweusi katikati. Tuliokulia kule tulinyamaza kabisa, mmoja akafuta machozi. Lakini nilipoitazama tena nikajiuliza: hii ni Kizuka kweli? Jua hilohilo linazama mbele ya Nyanza-Lac, linazama mbele ya Kigoma. Picha ilinipa hamu ya nyumbani, nyumbani kwenyewe sikukuona.

Ya pili ilipigwa kwa simu iliyopasuka kioo, tena mkono ulitikisika. Akina mama watatu wanakamua mawese, mafuta yamewafika kwenye viwiko, na nyuma yao ndagala zimeanikwa mchangani. Aliyeileta akatuambia: huyu ni mama mdogo, hawa wawili ni jirani zetu, na hilo pipa ni la kuazima. Hapo nikaiona Kizuka. Kwa mpenda vifaa hiyo ni picha mbovu. Kwangu ndiyo iliyoshinda.

Zamani picha ilikuwa na nyuma. Babu alikuwa na moja ya studio, nyeusi na nyeupe, ya Rumonge. Nyuma yake aliandika kwa kalamu majina ya wote wanne, na mwaka. Tulipokimbia ilisafiri ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho. Picha ya simu haina pa kuandika, basi hatuandiki.

Kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 1994 Wanyarwanda kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Sebastião Salgado wa Brazili, mmoja wa wapiga picha wakubwa duniani, alifika kambi ya Benaco. Picha zake ni nzuri mno, huwezi kuzipita haraka. Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, alimkosoa: maelezo ya picha zake za watu waliohama hayataji majina, kwa hiyo mtu anabaki kuwa mfano wa shida yake tu. Utasema bila uzuri ule dunia isingegeuka kutazama. Nakubali nusu. Dunia ilitazama, sawa. Ilimtazama nani?

Nasema hivi kwa sababu nami nimo kwenye picha ya namna hiyo. Mei 2015 tulikuwa Kagunga, maelfu kwa maelfu, tumebanana kati ya mlima na maji, tukingoja mitumbwi itufikishe kwenye meli ya Liemba. Mgeni mmoja alitupiga picha, mimi na shangazi. Miaka baadaye niliiona mara moja tu kwenye simu ya mtu. Chini imeandikwa "wakimbizi", basi. Shangazi ameshafariki, na sina picha yake nyingine. Nitaitafutaje? Niandike neno gani?

Najua jina linaweza kuwa hatari. Wapo kati yetu ambao bado wanatafutwa na waliowakimbiza. Ndiyo maana uliza kwanza, na mtu akikataa, shusha kamera. Akikubali, si lazima jina litangazwe. Liandike kwenye daftari lako, na mwenye sura mwachie nakala.

Jumapili ijayo karibuni. Nanyi watu wa mashirika karibuni, kamera zenu ni kali kuliko zetu. Ila kabla hujatuambia ulitumia lenzi gani, tuambie huyo ni nani.