Pacha wa Magnesi

Setilaiti za Vela za Marekani zilinasa mlipuko wa miale ya gama mwaka 1967, na kwa miaka 30 hakuna aliyejua milipuko hiyo iko umbali gani. Wapo walioiweka pembezoni mwa galaksi yetu, wapo walioipeleka ncha za ulimwengu. Mwaka 1995 Bohdan Paczyński na Donald Lamb walibishana hadharani mjini Washington, wasiafikiane. Ubishi huo ulimalizwa na ufundi. Mei 1997, siku tatu baada ya setilaiti ya BeppoSAX kunasa mlipuko GRB 970508, Mark Metzger na wenzake waliielekeza darubini ya Keck II, Hawaii, kwenye nukta hafifu iliyosalia, wakauchambua mwanga wake rangi kwa rangi. Walichokitafuta ni mapengo. Gesi yenye magnesi hunyonya mwanga mahali pawili palipokaribiana, nanomita 279.6 na 280.3. Kutanuka kwa ulimwengu huwasukuma pacha hawa kuelekea wekundu, ila uwiano wao haubadiliki hata chembe, na kwa uwiano huo fundi huwatambua wakiwa ugenini. Safari ile walikutwa karibu na 513 na 514, mistari ya chuma ikishuhudia vilevile: mawimbi yamerefushwa mara 1.835, mwanga umesafiri takriban miaka bilioni 7.

Mtu atauliza: je, kama gesi hiyo iko njiani tu, na mlipuko uko nyuma yake? Swali la haki, kwani spektra ileile ilikuwa na pacha wengine, wa wingu la karibu zaidi. Ndiyo maana mafundi wale waliandika kwamba kipimo cha urefu huo wa ziada, yaani 1.835 ukitoa moja, si chini ya 0.835, wakakiwekea na dari, 2.3, kwa kuwa msitu wa mistari ya hidrojeni, ambao mlipuko wa mbali zaidi ungeuonyesha, haukuonekana. Baadaye mng'ao wa oksijeni wa galaksi yenye mlipuko huo ulipatikana kwenye 0.835 hiyohiyo. Wengine husema picha za vichujio vichache zinatosha. Zinatosha kukisia: GRB 090429B ilikadiriwa hivyo kuwa 9.4, na spektra yake haikupatikana. Katika milipuko iliyonaswa na setilaiti ya Swift, iliyorushwa mwaka 2004, takriban theluthi moja tu ndiyo inayojulikana umbali. Mawingu, mchana na vumbi havina wa kulaumiwa. Kinachouma ni usiku mweupe ambao ratiba haikupisha, na mwanga wa mabilioni ya miaka ukafifia kwa saa chache juu ya darubini iliyotazama kwingine.