Kurasa za Kesi Zilizomwangusha Morrissey

Waliosoma Autobiography, tawasifu ya Morrissey aliyekuwa mwimbaji wa The Smiths, mpaka mwisho wanajua ninapoelekea. Ni pale kitabu kinapoingia mahakamani, Desemba 1996, kikakaa humo karibu kurasa 50. Niseme mapema: kuziacha kurasa zile jinsi zilivyo ni kosa, tena kosa la ufundi, na ndilo lililoinyima tawasifu hii nafasi ya kuwa bora kuliko zote zilizoandikwa na waimbaji wa roki wa Uingereza.

Kitabu kilipotoka tarehe 17 Oktoba 2013, wahakiki wa London waligombania jalada. Penguin walikiingiza kwenye mfululizo wao wa Classics, ulioanza mwaka 1946 na Odyssey ya Homer, ilhali mwandishi yu hai na wino haujakauka. Boyd Tonkin wa The Independent alikasirika waziwazi. A. A. Gill wa Sunday Times aliandika shambulio ambalo mwaka uliofuata lilipewa tuzo ya uhakiki mkali kuliko wote. Terry Eagleton naye akakisifu kwenye The Guardian. Wasomaji hawakumngoja yeyote kati yao. Wiki ya kwanza ziliuzwa karibu nakala 35,000. Ugomvi wa jalada ulikula wino mwingi na haukutufundisha kitu. Wasomaji ninaozungumza nao kuhusu kitabu hiki, wanaokipenda na wanaokichukia, hawataji jalada. Wanataja kesi.

Wamegawanyika. Wapo waliokifunga hapo na hawakurudi tena. Wapo walioruka kurasa mpaka wakamkuta Los Angeles. Na wapo wanaomtetea kwa dhati: kidonda ni chake, pesa zilikuwa zake, nani ampangie urefu wa kilio? Hawa wa mwisho nawaheshimu, kwa sababu wanamsoma kwa mapenzi, na ni kwao hasa ninakotaka kupeleka hoja yangu. Sisemi asingeandika kuhusu kesi. Ilimuumiza, na tawasifu inayokwepa jambo kubwa namna ile ni tawasifu ya uongo. Ninachopinga ni namna alivyoiandika.

Tuikumbuke kesi yenyewe. Mike Joyce, mpiga ngoma wa The Smiths, alidai robo ya mapato ya rekodi na maonyesho badala ya asilimia 10 aliyokuwa akipewa. Andy Rourke, mpiga besi aliyefariki mwaka 2023, alikuwa na dai kama hilo, lakini alikubali kumaliza nje ya mahakama mwaka 1989 kwa pauni 83,000 na asilimia 10 yake ikaendelea. Mirabaha ya utunzi haikuguswa; ile ilibaki ya Morrissey na mpiga gita Johnny Marr. Hapakuwa na mkataba wa maandishi. Chini ya Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890, wabia wasipokubaliana vinginevyo, faida hugawanywa sawasawa. Jaji John Weeks akampa Joyce ushindi, deni likafika kama pauni milioni 1, na katika hukumu akamwelezea Morrissey kuwa mjanja, mkaidi na mtu asiyeaminika pale maslahi yake yanapoguswa. Rufaa ilitupwa mwaka 1998.

Hayo yote yameingia kwenye aya moja, nami si mwanasheria. Sasa fungua kitabu uone yanavyotapakaa. Morrissey anachukua kipande cha hukumu, anakijibu, anachukua kingine, anakijibu, kisha anarudi kwenye kile cha kwanza kana kwamba hakukijibu. Swali moja, kwa nini Joyce alipokea asilimia 10 miaka yote ile asilalamike, linaulizwa, linageuzwa na kuulizwa tena kwa maneno mengine. Ni swali la haki, na mara ya kwanza linachoma kweli. Linaporudi kwa mara ya kadhaa, msomaji ameshaanza kumhesabia.

Kosa la kina zaidi limejificha chini ya marudio hayo. Mbele ya jaji palikuwa na swali jembamba: je, Joyce alikubali asilimia 10? Lini, wapi, mbele ya nani? Kitabu kinaligusa swali hilo, lakini kila kinapolikaribia kinateleza kwenda kwenye swali jingine kabisa, la nani alistahili. Nani alikuwa sauti, nani aliandika maneno, nani jina lake liliuza tiketi. Hayo mashabiki wote wa The Smiths tunayajua na hatuhitaji kuthibitishiwa. Msimulizi anayejibu swali ambalo hakuulizwa, kwa urefu ule, anamfanya msomaji ajiulize kwa nini analikimbia lile aliloulizwa. Morrissey alikuwa anataka tumwone mtu aliyeonewa. Kwa mpangilio huo anatuonyesha shahidi anayezunguka, yaani anamsaidia Weeks, na hicho ndicho kinachoniuma, maana naamini alikuwa na jambo la kweli la kusema.

Halafu kuna tukio ambalo lilikuwa mikononi mwake akaliacha likapita. Vijana wanne wa Manchester waliofanya kazi pamoja tangu 1982 mpaka 1987, waliotoa albamu nne za studio ndani ya miaka minne, wote walipita mbele ya jaji mmoja kutoa ushahidi kuhusu pesa. Bendi iliyokataa kila kishawishi cha kuungana tena ilikutana, na pa kukutania pakawa mahakamani! Walikaaje? Nani alimtazama nani? Marr alitoka vipi kizimbani? Rourke, rafiki wa Marr tangu wakiwa wavulana wa shule, aliinua macho au hakuinua? Mwandishi wa zile kurasa za utotoni angetupa hayo yote kwa sentensi kumi. Hapa anatupa majina ya kejeli. Joyce anapata yake, Weeks anapata yake, mawakili wanapata yao, na hakuna hata mmoja unayeweza kumwona.

Linganisha na walimu wake wa St Mary's, Stretford. Anawachukia vilevile, pengine zaidi, na hajawasamehe mpaka leo. Lakini wale anawachora. Unaliona darasa, unaona mkono unavyoinuliwa, unasikia kimya cha watoto wanaongoja zamu yao ya kuchapwa. Chuki imepewa kazi ya kutazama, kwa hiyo inasomeka. Mahakamani chuki inasema peke yake, na kalamu ile ile inakuwa barua ya malalamiko kwa mkuu wa wilaya: ndefu, yenye haki ndani yake, na isiyosomwa mpaka mwisho.

Wala si walimu peke yao. Nusu ya kwanza ya kitabu, yaani Manchester ya miaka ya 1960, bibi zake wa Kiayalandi, New York Dolls kwenye televisheni, Marr akibisha hodi Kings Road mwaka 1982, ni nathari ya daraja la juu, hata ile aya ya mwanzo inayokwenda kurasa nne na zaidi bila kupumzika.

Watetezi wataniambia kesi ya pesa haiwezi kuandikwa kwa namna nyingine, kwamba ni jambo kavu. John Lydon aliliandika. Na naye ni mwana wa wahamiaji wa Kiayalandi, aliyelelewa Kikatoliki, mwimbaji wa bendi iliyovunjika kwa uchungu, mwenye ulimi mkali kuliko wa Morrissey. Yeye na wenzake walipambana mahakamani na meneja wao Malcolm McLaren mpaka mwaka 1986, wakarudishiwa haki zao. Alipoandika Rotten: No Irish, No Blacks, No Dogs miaka ya 1990, aliingiza karatasi za mahakama zenyewe ndani ya kitabu, na kitabu kizima akakifungulia mlango kwa sauti za wengine: baba yake mzazi, mpiga ngoma Paul Cook, marafiki wa zamani. Wengine wanampinga humo humo ndani ya kitabu chake. Matokeo yake Lydon anaonekana mkubwa zaidi, kwa sababu amekubali kusimama karibu na wanaomkatalia.

Kuna na mkubwa wao wote, Chuck Berry. Tawasifu yake ya 1987 aliiandika kwa mkono wake bila kuandikiwa na mtu, jambo ambalo nusu ya mastaa wa leo hawathubutu. Berry alishtakiwa kwa kumsafirisha binti wa miaka 14 kuvuka mipaka ya majimbo. Hukumu ya kwanza ilifutwa kwa sababu ya maneno ya kibaguzi ya jaji, ya pili ikasimama, naye akafungwa kuanzia 1962 mpaka 1963. Simtetei kwa aliyoshtakiwa. Binti yule alikuwa mtoto. Nazungumzia ufundi wa kuandika kifungo. Berry anasimulia kwamba akiwa gerezani alikuwa anatunga Promised Land, wimbo wa safari kutoka Virginia mpaka California, akahitaji ramani ya Marekani ili apange miji kwa usahihi. Wakuu wa gereza wakasita kumpa, wakihofia kwamba anapanga kutoroka. Ndivyo alivyoliweka. Mtu mweusi, gereza, ramani, na wimbo wa kwenda mbali. Hakuongeza hotuba. Msomaji anaelewa kila kitu kuhusu jela ile na kuhusu kichwa cha mtunzi yule kwa tukio moja ambalo halizidi aya.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Siti binti Saad aliimba Kijiti, kesi ya kweli ya mauaji Unguja, ambamo muuaji alitoroka na waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Dhuluma kubwa kuliko asilimia 15 za mpiga ngoma. Aliibeba yote kwenye wimbo mmoja, watu wakaijua hukumu ile kwa moyo, na mpaka leo mashabiki wa taarabu ya zamani wanaijua. Aliwasema wahusika, akalisema tendo, akamwachia msikilizaji hasira. Huo ndio ustadi ninaoudai, na Morrissey anaujua, kwa sababu nyimbo zake mwenyewe zimejengwa hivyo. Hakuna mtunzi wa kizazi chake aliyejua kama yeye kukata mstari mapema.

Basi nani alimwacha? Hapa narudi kwenye lile ninalolipigia kelele miaka yote: mhariri. Kitabu hakina sura hata moja, hakina faharasa, kina kurasa 457, na mtu anayetaka kurudi kwenye ukurasa alioupenda lazima apekue kama anayetafuta sindano. Wachapishaji wakimpata mwimbaji mkubwa wanaogopa kumgusa. Wanadhani kumhariri ni kumvunjia heshima. Kumhariri ni kumheshimu. Mhariri jasiri angeketi naye na kumwambia: kaka, hukumu tumeielewa, sasa tupeleke ndani ya chumba. Angemwomba atafute siku ya kwanza pesa zilipotajwa miongoni mwa wale vijana wanne, au siku walipokwepa kuzitaja, aanzie hapo. Kurasa 50 zingekuwa 12, na zingekuwa kurasa za kutisha kuliko zote kitabuni, kwa sababu hadithi ya marafiki waliokosa ujasiri wa kuandikiana mkataba wakiwa vijana kila mwenye bendi, kila mwenye duka la ubia, anaitambua.

Hasara haikuishia kwenye kurasa za kesi. Angalia kile kilichokosa nafasi. The Queen Is Dead, albamu ya 1986 ambayo watu bado wanaigombania, inapita haraka, na tunachobakiwa nacho zaidi ni lawama kwa kampuni ya rekodi ya Rough Trade na nafasi za nyimbo kwenye chati. Mtu aliyeketi studio Marr anapoleta gita zile, akazisikia kabla ya dunia nzima, akaamua neno gani likae wapi, ana hazina ambayo hakuna mwingine duniani anayeweza kutupa. Nafasi ya kuitoa alikuwa nayo. Akampa Weeks.

Na kutoka hapo kwenda mbele, msomaji ni mwingine. Kabla ya kesi tulikuwa tunamwamini hata alipotia chumvi. Chumvi ilikuwa sehemu ya utamu. Baada ya kesi, kila mtu anayemkosea, kampuni ya rekodi, meneja, mwandishi wa gazeti, tunajiuliza huyo angesema nini kama angepewa nusu ukurasa. Morrissey anafika mwaka 2004 na albamu ya You Are the Quarry, anarudi Uingereza kwa kishindo, kumbi zinajaa, mashabiki wa Mexico wanamlilia, na anaorodhesha mji baada ya mji. Ni ushindi wa kweli, wa mtu aliyekaa miaka saba bila albamu. Ulistahili kusomwa na mtu aliye upande wake, na wengi wetu tulikuwa upande wake mpaka kitabu kilipoingia mahakamani.