Kisu Kabla ya Hadubini

Kondo la nyuma halina maisha marefu. Mtoto akishatoka nalo hufuata, mara nyingi ndani ya nusu saa, na katika familia nyingi za Afrika Mashariki huzikwa siku hiyohiyo. Machache hupelekwa maabara, mikononi mwa watu ambao mtaani hakuna awasifuye: mafundi wanaoandaa vipande vya tishu na madaktari wa patholojia wanaovisoma. Sifa, zikitolewa, humwendea msomaji. Ila sehemu kubwa ya atakachokiona huwa imeshaamuliwa kabla hajaisogelea hadubini.

Kondo la mimba iliyotimia huwa na uzito wa karibu gramu 500 na upana wa sentimita 20 hivi. Fundi hulipima, hukata kitovu na kuhesabu mishipa yake, ateri mbili na veni moja, kisha hupitisha kisu kutoka upande wa mtoto hadi upande wa mama. Mwenye haraka huchukua kipande popote. Mjuzi huukwepa ukingo, kwani huko damu ya mama hupita kwa uvivu, na tishu huweza kuonekana zimeathirika hata kama kondo ni zima.

Hufuata formalini, alkoholi inayoongezwa nguvu hatua kwa hatua, zailini, halafu nta ya moto. Nta ikiganda, mikrotomu hukata utando wenye unene wa mikromita 4 au 5, unaoelea kwenye maji ya uvuguvugu hadi uopolewe kwa kioo. Mkono ukitetemeka hapo, utando hujikunja, na hubidi kukata mwingine. Rangi huja mwisho: hematoksilini, itokanayo na mti wa Amerika ya Kati, hutia viini buluu; eosini hupaka waridi sehemu nyingine.

Mgeni wa hadubini huona visiwa vya waridi vilivyotapakaa. Kumbe ni vijitawi vya kondo vilivyokatwa katikati, na kazi ya msomaji ni kuurudisha mti mzima akilini. Nyuso za vijitawi hivyo, zikijumlishwa, hufikia mita za mraba zipatazo 12, sawa na sakafu ya chumba cha mita 3 kwa 4. Damu ya mama huviosha kwa nje, ya mtoto hupita ndani, wala hazichanganyiki. Jambo hilo ndugu William na John Hunter walilionyesha London katika karne ya 18 kwa kusukuma nta kwenye mishipa. Kinachozitenga damu hizo mbili ni pamoja na ganda la ajabu lenye viini vingi mno lisilo na kuta kati ya seli na seli. Mwaka 2000 ilichapishwa kwamba protini inayoziunganisha seli hizo, sinsitini, hutokana na jeni la kirusi kilichoingia katika urithi wa mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita.

Kwetu, hata hivyo, swali kubwa ni malaria. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, kwa kutumia makondo ya Kisumu, walionyesha kwamba vimelea vya malaria vilivyomo kondoni hung'ang'ania kondroitini salfeti A, kitu kilichomo kwenye uso wa vijitawi. Ndiyo maana mwanamke aliyejenga kinga tangu utotoni huweza kushambuliwa katika mimba ya kwanza: vimelea vimepata pa kujishikiza ambapo mwili wake haujawahi kukutana napo. Vikishatoweka, huacha chembe za kahawia iliyokoza.

Hapo chupa ya formalini hudai heshima yake. Formalini iliyoachwa iwe na asidi hugusana na damu na kuzaa chembe za rangi hiyohiyo, na aina zote mbili hung'aa kwenye mwanga uliochujwa kwa polaraizi. Uzembe wa asubuhi moja waweza kumzulia mama malaria asiyoiugua. Fundi makini huizima asidi mapema kwa chumvi za fosfeti. Naye msomaji haishii kwenye rangi: hutafuta chembe zilipo. Za malaria hukaa ndani ya seli zilizomeza mabaki ya vimelea, au zimenaswa katika fibrini. Za formalini hutawanyika ovyo, hasa palipojaa damu.