Dracula Asiyenyonya Damu

Mwaka 1966 kampuni ya Dell ya Marekani ilimfufua Dracula katika kitabu cha katuni, ikamvika nguo za shujaa: suti ya zambarau inayobana na kinyago chenye masikio ya popo. Alipata matoleo matatu tu, namba 2 hadi 4, kwa kuwa namba 1 ilikuwa hadithi nyingine ya mwaka 1962. Mwaka 1967 alikuwa amekwisha. Wenzake Frankenstein na Werewolf nao hawakuvuka matoleo matatu.

Wengi humcheka, na mimi nilianza kwa kumcheka. Mwaka huohuo televisheni ilikuwa imeanza kuonyesha Batman, na ni wazi kwamba Dell walitaka kuota moto uliowashwa na jirani. Michoro ya Tony Tallarico inaonekana ya harakaharaka.

Lakini wazo lenyewe, lililoandikwa na Don Segall, si la kipuuzi. Huyu si yule bwana wa filamu ya 1931 aliyeigizwa na Bela Lugosi. Ni wa uzao wake, daktari anayetafuta dawa ya watu walioumia ubongo. Dawa ameitoa kwa popo, anainywa bila kukusudia, na tangu hapo anaweza kugeuka popo. Damu hanywi. Anataka kulisafisha jina la ukoo.

Hapo ndipo niliponaswa. Natoka eneo la Maziwa Makuu, ambako jina la baba linaweza kumtangulia mtu mlangoni na kumfungia kabla hajabisha hodi. Nilitaka kumwona daktari huyu akijitaja kwa mgonjwa, na mgonjwa akiamua kama ataipokea dawa. Hadithi haina subira hiyo. Anahamia Marekani na kujiita Al U. Card, yaani Dracula kinyumenyume, hila iliyokwisha kutumika katika filamu ya Son of Dracula ya 1943. Mtu aliyetaka kulisafisha jina sasa analificha! Waandishi wanaona ni mzaha. Mimi naona ameshindwa, na hadithi yenyewe haijui.

Kuhusu damu, kanuni za katuni za 1954 zilipiga marufuku wanyonya damu, ila Dell haikujiunga nazo. Hakuna aliyewalazimisha kumng'oa meno. Wangemwachia kiu yake, halafu wamweke kando ya kitanda cha mgonjwa, ningemsoma hata matoleo hamsini.