Kingi Alikataa. Na Kama Angekubali?

Tuliosoma Kigogo ya Pauline Kea kwa sababu ya KCSE tulikariri maudhui: uongozi mbaya, ukatili, ufisadi. Sawa. Lakini kwangu swali gumu liko kwa Kingi, mkuu wa polisi wa Sagamoyo. Majoka anamwamuru awapige watu risasi, naye anakataa. Utawala unaporomoka.

Hapo ndipo nagombana na tamthilia. Tarehe 25 Juni 2024, hapa Nairobi, askari walifyatua risasi nje ya Bunge. Vijana wakafa. Siku hiyohiyo serikali ikaita jeshi, eti usalama wa taifa. Usalama wa nani sasa? Majoka naye huona hatari kwa wachuuzi waliofungiwa soko la Chapakazi, si kwake yeye aliyelifunga.

Nchi inayongoja askari mmoja mwenye huruma haina usalama, ina bahati tu. Kigogo inatupa bahati hiyo, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Mimi nilitaka ituulize zaidi: umati ungekuwa watu kumi tu, Kingi angekataa? Na ni sheria gani ingemlinda?