Kiswahili Kizimbani: Lugha ya "Vioja Mahakamani" katika Televisheni ya Kenya

Historia ya televisheni nchini Kenya husimuliwa aghalabu kama historia ya mitambo. Husemwa kwamba matangazo yalianza mwaka 1962 kutoka nyumba ya shambani huko Limuru, yakienea maili 15 tu. Kwamba tarehe 1 Julai 1964 shirika zima lilitwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya. Kwamba Mombasa ilipata kituo chake mwaka 1970. Kwamba rangi ilikuja mwaka 1978. Na kwamba mwaka 1989 jina la Shirika la Utangazaji la Kenya likarejeshwa. Yote hayo ni kweli, lakini hayamwambii mwanafunzi wa lugha ni nani aliyesema nini, na kwa Kiswahili cha namna gani.

Katika ratiba ya kituo hicho lugha mbili hazikuwa sawa. Filamu na michezo iliyonunuliwa ng'ambo ilikuja na Kiingereza chake. Taarifa ya habari ilisomwa kwa Kiswahili saa moja ya jioni, kisha kwa Kiingereza saa tatu ya usiku, na mazoea hayo yalirithiwa hata na vituo vya watu binafsi vilivyoanzishwa baadaye. Nje ya habari, mahali ambapo Kiswahili kilijitengea nafasi kubwa kuliko popote ni katika vichekesho. Jambo hili lastahili kuzingatiwa, kwa kuwa Julai 1974 Mzee Kenyatta alikuwa amekwisha kuamuru kwamba Kiswahili kitumike Bungeni. Lugha iliyopewa heshima ya Bunge ilijulikana sebuleni zaidi kwa kuchekesha.

Kati ya vichekesho hivyo "Vioja Mahakamani", mchezo uliokuwa na watazamaji wengi katika miaka ya 1980, ndio unaomdai mhakiki zaidi. Mandhari yake ni mamoja siku zote: hakimu juu, kiongozi wa mashtaka upande mmoja, mshtakiwa kizimbani. Makosa ni ya kila siku, ya ulaghai, ya wizi mdogo, ya ugomvi wa majirani. Wahusika kama Makokha, Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti wamepokezana kizimba na nafasi ya shahidi kwa miaka mingi, kiasi kwamba mtazamaji huanza kucheka kabla mtu hajafungua kinywa.

Wataalamu wengi wa lugha wamepita kando ya mchezo huu. Katika idara za Kiswahili "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein imesomwa, ikahakikiwa na kutahiniwa mwaka baada ya mwaka, na kwa haki. Lakini mchezo uliosikiwa na watu wengi zaidi kila juma umehesabiwa kuwa mahali ambapo Kiswahili huharibiwa, basi. Hoja ni kwamba mshtakiwa hutamka vibaya na kuvunja upatanisho wa ngeli, na kwamba watoto humwiga.

Hoja hiyo ina msingi, ila imetazama upande mmoja wa mahakama. Sheria ya Kenya imeweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na katika mahakama za chini imeruhusu Kiingereza au Kiswahili. Raia asiyejua Kiingereza mara nyingi husikia kesi yake kupitia kinywa cha mkalimani. Sasa itazamwe mahakama ya "Vioja". Hakimu anasema Kiswahili. Kiongozi wa mashtaka anahoji kwa Kiswahili, na kwa ukali. Hukumu na sababu zake hutolewa kwa Kiswahili. Maneno kama vile mshtakiwa, dhamana, rufaa na ushahidi hayafafanuliwi kama katika kitabu cha istilahi. Yanafanya kazi, na maana yake hueleweka kwa namna yanavyomwathiri mtu aliyesimama kizimbani. Mahakama ya namna hiyo, ambamo shughuli nzima kuanzia shtaka hadi hukumu huenda kwa lugha ya mshtakiwa, ilionekana katika kioo cha televisheni wakati ambapo majaji walikuwa wakiandika hukumu zao kwa Kiingereza.

Tena, mkalimani haonekani kuhitajika. Kizimbani anasimama Mluo ambaye lugha yake haina "sh" wala "z", akasema "samba" na "pesa sangu". Anamfuata Mbukusu asiyetenga "b" na "p", au Mkalenjin ambaye kwake "g" na "k" si sauti mbili. Anakuja mwingine na "ile kitu" na "watoto yangu". Wote wanaeleweka. Hakimu anaweza kukasirika kwa uongo wa mshtakiwa, wala si kwa matamshi yake. Mwanaisimu anayekusanya makosa ya sauti katika mchezo huu na kuacha kutaja kwamba mawasiliano hayakukatika ameandika nusu ya ripoti.

Kasoro ya mchezo iko kwingine, nayo ni kubwa. Katika "Vioja" Kiswahili kilichonyooka ni mali ya dola. Anayekisema ni yule mwenye uwezo wa kufunga watu, na anayekivunja ndiye anayefungwa. Kila lafudhi imefungamanishwa na kabila, na kila kabila na tabia yake, nayo tabia haibadiliki. Mtu amekaa mjini, amehojiwa na mahakimu mara zisizohesabika, na bado hajajifunza hata sauti moja mpya. Watu hawako hivyo. Mkazi wa Nairobi hubadili matamshi yake kutoka sokoni hadi ofisini mara kadhaa kwa siku moja, na uhai huo wa lugha mchezo umeutupa kwa ajili ya kicheko cha haraka.

Kwamba lafudhi hizo ni za usanii, si za ajali, huonekana vyema katika "Vitimbi", kichekesho ndugu yake. Mzee Ojwang Hatari, mzee wa Kiluo aliyejulikana nchi nzima, aliigizwa na Benson Wanjau, ambaye alikuwa Mkikuyu na aliyefariki mwaka 2015. Kila "s" aliyoiweka mahali pa "sh" aliichagua. Kumwita mwigizaji wa namna hiyo mharibifu wa lugha ni sawa na kumlaumu mchongaji kinyago kwa kuwa pua ya kinyago si ya kweli. La kuuliza ni kwa nini pua imechongwa hivyo, na nani anayechekwa.

Katika miaka ya 1990 "Tausi" ilileta kwenye televisheni hiyo hiyo mapenzi, urithi na fitina za nyumbani kwa Kiswahili fasaha, na wapenzi wa lugha wakapumua. Walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini katika "Tausi" Mbukusu wa "Vioja" hana mlango wa kuingilia: ama anyamaze, ama aache ulimi wake nje. Mchezo wa Kiswahili ambamo mtu wa lafudhi yake ni hakimu, na mwenye ufasaha ndiye mshtakiwa, ungekuwa mtihani halisi kwa mtunzi, na kwa masikio ya wataalamu pia.