Bomba Lilibembewa, Mgongo Ukapumzika

Murph, zoezi la mashindano ya CrossFit ya 2015, pale Carson, California, wengi mnaikumbuka kwa joto lililomdhuru mshindani Annie Thorisdottir. Mimi nina ugomvi na walioandika kanuni zake: pulapu 100, na kipingi, yaani kujirusha kwa nyonga, ruksa.

Rudisheni video pale kwenye bomba. Mtu ananing'inia, kifua kinatangulia mbele, miguu inabaki nyuma. Ghafla anageuza: magoti yanapanda, nyonga inapiga, mwili unarushwa juu, mikono inamalizia tu. Kidevu kimepita, mwamuzi anahesabu. Kahesabu kazi ya nani? Ya nyonga. Msuli mpana wa mgongo, mwenye zoezi lake, umebebwa nusu ya safari. Kushuka ndiko balaa: pale ambapo mgongo ungejengeka hasa, mtu anajiachia. Uzito wake pamoja na kizibao cha kilo 9 unatua kwenye maungio ya bega, halafu anarudia.

Utetezi naujua, nimeusikia mpaka basi: wanashindana na saa. Haya. Lakini Murph ina jina la Michael Murphy, komando wa jeshi la majini la Marekani aliyeuawa Afghanistan 2005, na Marines wa nchi hiyohiyo pulapu ya kipingi hawaihesabu kwenye mtihani wao. Unaanza mikono imenyooka, unapanda bila kujirusha, kidevu kinapita bomba. Wanajeshi wanakataa, halafu heshima ya mwanajeshi inafanywa kwa bembea!

Skwati 300 za Murph hiyo sina neno nazo, na Sam Briggs alistahili kuongoza wanawake.

Wasomaji wa safu hii mnajua nitaishia kwa nani. Albert Azaryan, Muarmenia wa Usovieti, dhahabu ya pete za jimnastiki kwenye Olimpiki ya 1956 na 1960: msalaba wake, mikono imenyooshwa pembeni, ulitulia hewani. Mpaka leo kwenye pete, pozi la nguvu hushikwa sekunde 2, na pete zikiyumba alama zinakatwa.

Hasara tunaila huku kwetu. Kijana wa jimu ya mtaani hajaweza kupanda mara tano kwa utulivu, tayari anatapatapa kama kibua kwenye ndoano, na kocha anamhesabia. Mpe stuli, kocha. Aanzie juu, kidevu kimeshapita bomba, ashuke kwa hesabu ya tano mpaka viwiko vinyooke. Akianza kuvuta mwenyewe, mabega yashuke kwanza mbali na masikio, ndipo viwiko vifuate kuelekea mbavuni. Na miguu ikitikisika, usihesabu.